Hisabati Nyumbani: Pande Sawa, Viwanja Si Sawa

Wazazi wengi hudhani kwamba jiometri ni somo la ubao na chaki, ambalo mtoto hujifunza ili afaulu mtihani na baadaye alisahau. Hulifungua daftari la mtoto, huona michoro ya pembetatu na pembenne iliyotiwa herufi A, B na C, kisha hulifunga na kuendelea na shughuli za nyumba. Dhana hiyo ina hasara yake. Katika mji kama Kigali, uliojengwa juu ya migongo ya vilima na kwenye miteremko yake, mtu asiyejua pembe anaweza kupunjwa mchana kweupe, na yule anayempunja asijue kwamba amempunja.

Mfano wa juma hili ni wa familia iliyobuniwa kwa ajili ya somo, lakini jambo lililoipata laweza kuipata nyumba yoyote.

Urithi wa mzee

Mzee mmoja aliyestaafu jeshini alifariki dunia, akaacha kiwanja kwenye mteremko upande wa Kicukiro. Aliacha pia mjane na watoto wawili wazima: mwana, ambaye ni sajini jeshini, na binti, ambaye ni askari polisi. Tangu sheria ya urithi ya mwaka 1999, binti nchini Rwanda ana haki sawa na mwana katika mali ya wazazi, wala katika nyumba hiyo hakuwapo aliyetaka vinginevyo. Mama yao aliwaambia neno moja tu: "Gaweni sawasawa, wanangu. Sitaki maneno yazuke baada ya arobaini ya baba yenu."

Jumamosi iliyofuata kaka na dada walichukua kamba ya kupimia, nyundo na vigingi. Kazi waliifanya kwa uangalifu. Kwa kuwa ardhi inateremka, hawakuilaza kamba juu ya nyasi; waliishika usawa, kipande baada ya kipande, timazi likining'inia mwishoni. Kipande cha chini, kinachopakana na barabara, kilitoka meta 30 kwa upana na meta 20 kwa kina, na kona zake zote zilisimama vizuri. Hicho kikawa cha kaka. Kipande cha juu kilianzia kwenye mstari wa katikati wenye meta 30. Mipaka yake ya ubavuni haikupanda moja kwa moja, bali ilifuata ua wa jirani na njia ya watembea kwa miguu, ikaelekea mkono wa kulia. Ilipopimwa, kila ubavu ulikuwa na meta 20, na mpaka wa juu kabisa ulikuwa na meta 30. Hicho kikawa cha dada.

Kamba ilizungushwa kotekote. Mzingo wa kiwanja cha kaka ulikuwa meta 100. Mzingo wa kiwanja cha dada ulikuwa meta 100. Wote wakaridhika, mama akamshukuru Mungu, na chai ikamiminwa.

Aliyeiacha chai hiyo ipoe ni mtoto wa sajini, mwanafunzi wa darasa la sita. Alikuwa amesimama kwenye kona ya juu akivitazama vigingi.

"Baba," alisema, "kiwanja cha shangazi kimelala."

"Kimelalaje? Pande zake si ni zilezile?"

"Ndiyo, baba. Lakini pembe zake si zilezile."

Ili kuelewa alichokiona mtoto huyo, yafaa kulifuata somo lake tangu mwanzo.

Pembe na amri ya gwaride

Mistari miwili inapokutana kwenye nukta moja, uwazi ulio kati yake huitwa pembe. Urefu wa mistari hauongezi wala haupunguzi pembe. Mlango mkubwa wa sebuleni na mlango mdogo wa kabati vikifunguliwa kwa kiasi kimoja, pembe zake ni sawa, ingawa mmoja ni mrefu kuliko mwingine.

Pembe hupimwa kwa nyuzi, na mzunguko mmoja kamili una nyuzi 360. Hapo askari hana haja ya kufundishwa upya, kwa sababu alizijua pembe kwa miguu yake kabla ya kuziona kwenye karatasi. Amri ya "Kulia, geuka!" humzungusha nyuzi 90. Amri ya "Nyuma, geuka!" humzungusha nyuzi 180. Akigeuka kulia mara nne hurudi kutazama alikokuwa akitazama mwanzo, yaani amemaliza nyuzi 360. Ndivyo dira nayo inavyosomwa: kaskazini ni 0, mashariki ni 90, kusini ni 180 na magharibi ni 270.

Pembe ya nyuzi 90 huitwa pembe mraba. Ndiyo pembe ya kona ya daftari, ya matofali na ya ukuta uliosimama barabara juu ya sakafu. Pembe iliyo chini ya nyuzi 90 huitwa pembe kali, na ile inayozidi 90 lakini haifiki 180 huitwa pembe butu. Nyuzi 180 kamili ni mstari mnyoofu.

Mama anapoufungua mkasi wa kushonea, mtoto anaweza kuonyeshwa kanuni mbili kwa mara moja. Pembe zinazotazamana, moja upande wa makali na moja upande wa mikono, ni sawa daima. Pembe zilizo jirani juu ya mstari mmoja, zikijumlishwa, hufanya nyuzi 180. Kwa hiyo mkasi ukifunguka nyuzi 40, pembe iliyo ubavuni mwake ni nyuzi 140, wala hapana haja ya kuipima.

Pembetatu haiyumbi

Pembetatu ni umbo lenye pande tatu na pembe tatu. Kanuni yake kubwa ni kwamba pembe zake tatu zikijumlishwa hufanya nyuzi 180, iwe pembetatu ndogo kama kipande cha sambusa au kubwa kama ile inayounganisha vilele vya Mlima Kigali, Jali na Rebero. Mtoto asiambiwe tu, na aone. Achore pembetatu yoyote kwenye karatasi, aikate kwa mkasi, atie alama kila kona, kisha azichane kona zote tatu na kuzipanga zikigusana ncha kwa ncha. Kila mara kona hizo zitalala juu ya mstari mmoja mnyoofu. Kutokana na hilo ataelewa mwenyewe kwa nini hakuna pembetatu yenye pembe mraba mbili: mbili hizo pekee zingemaliza nyuzi 180, na ya tatu isingebakiwa na kitu.

Pembetatu yenye pande tatu sawa ina pembe za nyuzi 60 kila moja. Yenye pande mbili sawa huitwa pembetatu pacha, nayo ina pembe mbili zilizo sawa. Nyingine hazina upande unaolingana na mwenzake. Pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90 huitwa pembetatu mraba, na hiyo ndiyo rafiki mkubwa wa fundi ujenzi. Pande zake zikiwa 3 na 4, upande mrefu lazima uwe 5, kwa kuwa 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, 9 na 16 ni 25, na 25 ni 5 mara 5. Kwa sababu hiyo, kamba yenye mafundo 12 yaliyoachana sawasawa, mwisho wake ukiunganishwa na mwanzo, humpa fundi pembe mraba isiyo na shaka: mafundo 3 upande mmoja, 4 upande wa pili, 5 upande wa tatu. Chombo hicho hakinunuliwi dukani, nacho hakipitwi na wakati.

Jambo la kushangaza zaidi kuhusu pembetatu hudhihirika kwa vijiti vitatu na misumari mitatu. Vijiti vikipigiliwa ncha kwa ncha vikafanya pembetatu, haviwezi kuyumbishwa hata misumari ikilegea. Pande tatu zikishajulikana, pembe nazo zimekwisha kuamuliwa; hakuna pembetatu nyingine inayoweza kuundwa kwa pande hizohizo. Ndiyo maana kenchi za paa hujengwa kwa pembetatu, na ndiyo maana seremala anayetengeneza geti la mbao hupigilia ubao mmoja wa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu inayoielekea. Bila ubao huo, geti litainama taratibu hadi likwaruze ardhi.

Polisi wa usalama barabarani hutumia kanuni hiyohiyo. Gari lililopata ajali haliwezi kuachwa barabarani siku nzima, lakini mahali lilipokuwa lazima pajulikane. Kwa hiyo askari huchagua vitu viwili visivyohama, kama nguzo ya umeme na kona ya jengo, akapima umbali kutoka nguzo hadi gurudumu, kutoka jengo hadi gurudumu, na kutoka nguzo hadi jengo. Pande tatu zimepatikana. Na kwa kuwa ameandika pia gurudumu lilikuwa upande gani wa mstari wa nguzo na jengo, mahali pa gurudumu hapabishaniwi tena, hata mbele ya hakimu.

Afrika nayo imepimwa kwa njia hiyo. Longitudo ya nyuzi 30 mashariki hupita kilometa chache magharibi ya katikati ya Kigali. Mwaka 1879 David Gill, mtaalamu wa nyota wa Cape Town, alipendekeza kuwa mlolongo wa pembetatu uiandame longitudo hiyo kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri, kutoka kilele hadi kilele. Kazi ilichukua miaka mingi, na pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Ramani nyingi za nchi zilizopitiwa na mlolongo huo zilijengwa juu ya vipimo hivyo.

Pembenne hulala

Pembenne ni umbo lenye pande nne na pembe nne. Likikatwa kwa mstari mmoja kutoka kona hadi kona inayoielekea, hupatikana pembetatu mbili. Na kwa kuwa kila moja ina nyuzi 180, pembe zote za pembenne zikijumlishwa hufanya nyuzi 360.

Ukoo wa pembenne ni mpana. Mraba una pande nne sawa na pembe nne za nyuzi 90. Mstatili una pembe nne za nyuzi 90, lakini urefu wake si lazima ulingane na upana. Msambamba una pande zinazoelekeana zilizo sawa na zisizokutana kamwe, hata zikirefushwa. Pembe zake zinazoelekeana ni sawa, lakini si lazima ziwe za nyuzi 90. Rombasi ni msambamba wenye pande nne sawa. Trapeza ina pande mbili tu zilizo sambamba, kama ubavu wa ndoo uonekanavyo kwa mbali. Maumbo hayo hayako vitabuni tu. Michoro ya imigongo, ambayo akina mama wa Kirehe, mashariki mwa Rwanda, huiumba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu na kuipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu, imejaa pembetatu na rombasi zilizopangwa kwa usahihi ambao mwalimu yeyote angeufurahia.

Sasa vijiti virudiwe, mara hii vinne, vilivyopigiliwa ncha kwa ncha. Vikisimamishwa vinafanya mstatili. Vikisukumwa kidogo ubavuni, umbo lote linalala na kuwa msambamba. Kisanduku cha kiberiti kilichotolewa kijaluba chake huonyesha jambo hilo vilevile. Pande hazikurefuka wala kupungua, na mzingo ni uleule. Lakini nafasi iliyo ndani imepungua. Kisanduku kikizidi kusukumwa, nafasi huzidi kupungua, hadi mwisho kinalala bapa kabisa na ndani hamwingii hata njiti moja. Mzingo haujapungua hata nukta, eneo limekwisha.

Hapo ndipo penye siri ya viwanja viwili vya Kicukiro. Pande tatu huitambulisha pembetatu yote. Pande nne haziitambulishi pembenne. Anayezungusha kamba kwenye mipaka minne na kutangaza kwamba viwanja ni sawa amepima ua tu, ardhi hajaipima.

Kiwanja chapimwa upya

Sajini hakumkemea mwanawe. Alimpa kamba, akamwambia, "Haya, tuonyeshe."

Mtoto alianza na kiwanja cha baba yake. Alipima mshazari mmoja, kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia, ukatoka meta 36 na sentimeta 6. Mshazari wa pili nao ukatoka meta 36 na sentimeta 6. Msambamba wenye mishazari iliyo sawa ni mstatili, kwa hiyo kiwanja hicho kimesimama. Kisha akapanda kwenye kiwanja cha shangazi yake. Mshazari wa kwanza ulitoka meta 44 na sentimeta 94. Wa pili ulitoka meta 24 na sentimeta 8 tu. Hapo hata bibi, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, alisimama.

"Umekwisha kuonyesha kwamba kimelala," alisema shangazi, ambaye kazi yake imemzoeza kudai ushahidi uliokamilika. "Sasa sema kimepungua kiasi gani."

Eneo la mstatili ni urefu mara upana; kiwanja cha sajini kina 30 mara 20, yaani meta za mraba 600. Eneo la msambamba ni kitako mara kimo, na kimo si ubavu ulioinama. Kimo ni umbali unaopanda kwa pembe mraba kutoka kitako hadi upande wa juu. Mtoto alitafuta kwenye mstari wa katikati mahali ambapo, akitumia kamba ya mafundo 12 kupata pembe mraba, angeweza kupanda moja kwa moja hadi kigingi cha juu kushoto. Mahali hapo palikuwa meta 12 kutoka kona ya kushoto. Kutoka hapo hadi kigingini palikuwa na meta 16. Hesabu ilijithibitisha yenyewe: 12, 16 na 20 ni 3, 4 na 5 zilizozidishwa kwa 4.

Basi eneo la kiwanja cha shangazi ni 30 mara 16, yaani meta za mraba 480. Sababu yake huonekana wazi kwenye karatasi. Pembetatu iliyo mwisho wa kushoto, yenye kitako cha 12 na kimo cha 16, ikikatwa na kupelekwa mwisho wa kulia, msambamba hugeuka kuwa mstatili wa 30 kwa 16. Hakuna kilichoongezwa wala kilichotupwa.

Dada alikuwa amepungukiwa meta za mraba 120 kulinganisha na kaka yake, sehemu moja katika kila sehemu tano. Hizo ni vyumba vya nyumba nzima. Na hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Kamba ilisema kweli, ila iliulizwa swali lisilo sahihi.

Sajini alikaa kimya kidogo. Alikuwa amekwisha kufikiria mahali pa kujenga jiko na banda la kuku. Kisha akasema, "Dada, tusingejua, ningekula haki yako maisha yangu yote nami nikikusalimu kila siku." Dada alicheka, akamjibu, "Kaka, kwanza tupige hesabu. Kuombana radhi ni baadaye, chai ikiwa moto."

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Meta za mraba 600 na 480 ni 1,080. Nusu yake ni 540. Sajini alitakiwa kumpa dada yake meta za mraba 60. Mstari wa katikati una meta 30, na 60 kugawanywa kwa 30 ni 2. Vigingi vya katikati viking'olewa na kushushwa meta 2 kuelekea barabarani, kiwanja cha kaka kinakuwa 30 kwa 18, yaani 540. Na cha dada kinakuwa 480 na 60, yaani 540. Kazi ya kuvihamisha haikufika nusu saa.

Wazazi na walitazame jambo moja la mwisho katika hesabu hiyo. Baada ya vigingi kuhamishwa, mzingo wa kiwanja cha kaka ni meta 96, na wa kiwanja cha dada ni meta 104. Kabla ya hapo mizingo ilikuwa sawa na ardhi haikuwa sawa. Sasa mizingo si sawa na ardhi ni sawa. Bibi, ambaye hakuwahi kukaa darasani, alilisema kwa namna yake: "Kumbe ua waweza kuwa mrefu na shamba likawa dogo."

Ni vema kukumbuka kwamba kamba ya nyumbani haichukui nafasi ya mpimaji mwenye leseni. Kati ya mwaka 2009 na 2013 zaidi ya vipande milioni 10 vya ardhi viliandikishwa nchini Rwanda, mipaka ikichorwa juu ya picha zilizopigwa kutoka angani, na majirani wakishuhudia. Kiwanja kinapogawanywa leo, ofisi ya ardhi huhitaji kipimo cha mtaalamu. Lakini familia inayojua hesabu humpokea mtaalamu huyo kwa moyo mmoja, nayo huielewa ramani anayoiacha mezani.

Mlima nao una pembe zake

Palisemwa hapo awali kwamba kaka na dada hawakuilaza kamba juu ya nyasi. Sababu ni pembetatu ileile. Ardhi inayopanda meta 3 kwa kila meta 4 za usawa hupimwa meta 5 juu ya nyasi, lakini ramani huhesabu 4 tu, kwa kuwa ramani hutazama ardhi kutoka juu. Anayenunua kiwanja cha mteremkoni kwa kamba iliyolazwa juu ya ardhi analipia meta ambazo hatazikuta kwenye hati.

Mlima huo huohuo hudai pembetatu nyingine, ile ya mkulima. Miti miwili yenye urefu sawa huungwa kileleni na kupanuliwa chini, ubao mmoja ukipita katikati kama herufi A. Uzi wenye jiwe huning'inizwa kutoka kileleni. Kwa kuwa fremu hiyo ni pembetatu pacha, uzi ukipita katikati kabisa ya ubao, miguu miwili ya fremu imesimama kwenye usawa mmoja. Mkulima akitembeza fremu yake hivyo, mguu baada ya mguu, hupata mstari usiopanda wala kushuka, na hapo ndipo huchimba mtaro au kujenga ukingo wa tuta. Maji ya mvua yakifika hapo hupunguza mwendo na kuingia ardhini, badala ya kuuchukua udongo hadi bondeni. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130, wengi wao magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mtaro mmoja hauzuii mvua kubwa kama ile; lakini kilima chenye matuta yaliyopimwa vizuri hushika udongo wake kuliko kilima kilichoachwa wazi.

Zoezi la juma hili

Mzazi na akae na mtoto mezani baada ya chakula cha jioni, wakiwa na karatasi, rula na penseli. Mtoto ajibu kwanza, ndipo majibu yatazamwe.

1. Pembetatu moja ina pembe za nyuzi 90 na nyuzi 35. Pembe ya tatu ni nyuzi ngapi?

2. Fundi amechimba msingi wa chumba cha meta 8 kwa meta 6. Amepima mshazari mmoja akapata meta 10 na sentimeta 20. Je, aanze kupanga matofali?

3. Rombasi katika mchoro wa imigongo ina pembe moja ya nyuzi 70. Pembe nyingine tatu ni zipi?

4. Kiwanja cha dada, baada ya vigingi kuhamishwa, kimekuwa na kona sita. Pembe zake zote za ndani zikijumlishwa hufanya nyuzi ngapi?

Majibu

1. Nyuzi 55, kwa kuwa 90 na 35 ni 125, na 180 kutoa 125 ni 55.

2. Asianze. Mshazari wa mstatili wa 8 kwa 6 lazima uwe meta 10 kamili, kwa kuwa 64 na 36 ni 100. Msingi umelala. Vigingi visogezwe hadi mishazari yote miwili ifike meta 10.

3. Nyuzi 110, 70 na 110. Pembe zinazoelekeana ni sawa, na zilizo jirani hufanya 180.

4. Nyuzi 720. Umbo la kona sita hukatwa kwa mishazari mitatu likawa pembetatu nne, na 180 mara 4 ni 720. Aliyepata jibu hilo anaweza kukabidhiwa kamba siku ya kugawa urithi.